Mkono wa Mkwe

Tangu watoke misani, Martine alikuwa amevipanga viti vya uani mara tatu na kuvipangua mara tatu. Tatizo halikuwa viti. Tatizo lilikuwa kwamba mtu mmoja alipaswa kuketi pale uani, na mwingine alipaswa kukaa ndani nyuma ya pazia, na kati ya hao wawili hakuna aliyeruhusiwa kumwona mwenzake wala kumsemesha. Wa ndani alikuwa mama yake mzazi, Hortense. Wa nje alikuwa Cyrille, mchumba wake, ambaye Jumapili iliyopita aliuweka mkono wake mgongoni mwa huyo mama, mbele ya nusu ya mji wa Likasi, akamsukuma kupanda mlima mzima.

Msomaji ambaye hakukulia upande wetu huenda akacheka. Kumsaidia mama mtu mzima kupanda mlima ni dhambi gani? Lakini kwa akina Martine mambo hayaendi hivyo. Siku ya présentation, wazee wa Cyrille walipoleta zawadi za kwanza na zikapokelewa, kijana huyo aliingia katika buko, yaani heshima ya ukwe, na buko hupimwa kwa umbali. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, huiacha njia. Akisikia sauti yake sokoni, hugeuka akarudi alikotoka. Hamtazami usoni, na habari ya kumgusa wazee hawaizungumzi kabisa, maana haijawahi kuwapitia akilini. Mambo hayo hulegea baada ya miaka mingi, ndoa ikishatulia. Cyrille alikuwa na miezi mitano tu.

Siku hiyo ya présentation Hortense alibaki jikoni, na Cyrille aliinamisha kichwa tangu alipoingia mpaka alipotoka. Alichowahi kukiona cha mama mkwe wake ni pindo la kitenge likipita mlangoni.

Na ile picha ya mkono mgongoni, jamani! Mtu mmoja wa parokia, kwa nia njema kabisa, aliipiga akaitia katika kundi la WhatsApp na kuandika chini yake “Bravo maman!” pamoja na mioyo mitatu myekundu. Kabla jua halijatua picha ilikuwa imefika Lubumbashi kwa mzee Édouard, kaka mkubwa wa Hortense, ambaye tangu baba yake Martine afariki ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa za nyumba hiyo. Mzee hakupiga simu kugomba. Alituma ujumbe mfupi: nakuja Jumapili, mwiteni huyo kijana. Martine angependa zaidi agombe.

Sasa mzee alikuwa sebuleni akimalizia chai yake taratibu, na Cyrille alikuwa nje ya lango, amesimama juani, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie. Martine alichukua kikombe cha maji akamfuata.

Cyrille alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa Panda. Alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na mikono haikujua ikae wapi, kwa kuwa Martine hakuwahi kumwona bila baiskeli pembeni yake. Walipendana barabarani hawa. Miaka miwili nyuma Martine alijinunulia baiskeli ya mbio, kuukuu, na mtaa mzima ukamcheka, maana hapa kwetu baiskeli ni ya kubeba magunia ya makaa na mwanamke mwenye kazi yake nzuri ya duka la dawa anatafuta nini juu yake? Jumamosi ya kwanza Cyrille, fundi umeme wa mgodini Kakanda, alikuja akaenda sambamba naye bila kumcheka. Alimfundisha kubadili gia kabla ya mlima, kunywa maji kabla ya kiu, na kukaa karibu na gurudumu la aliye mbele yake ili upepo usimchoshe. Moyo wa Martine ulikuwa umemfuata huko huko nyuma ya gurudumu.

“Kunywa,” alimwambia.

“Aksanti.” Hakunywa; alitaka kwanza habari za mjomba. “Tonton eko namna gani?”

“Ametulia.”

“Ametulia muzuri ao mubaya?”

“Shijui. Anakunywa paka chai tu.”

Cyrille aliutazama ukuta. Martine alimtazama yeye: shingo ndefu, alama ya jua pale glavu zinapoishia mkononi, macho yaliyokosa usingizi. Alitamani kumshika shavu na hakuthubutu.

“Cyrille, niangalie.”

“Minye nakuangalia juma yote, Martine. Weye njo hauniangalie.”

Ilikuwa kweli. Na hapa ni lazima niseme jambo ambalo mzee Édouard, pamoja na chai yake yote, alikuwa halijui.

Miaka mitatu iliyopita dada mkubwa wa Martine, Danielle, alijifungua mtoto wa miezi saba na akafa siku ile ile. Mtoto aliishi siku mbili, amezungushiwa mablanketi na chupa za maji ya moto, kwa sababu maternité ya mtaa, yaani hospitali ya uzazi, haikuwa na couveuse, lile sanduku la kioo la kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ndipo mwaka huu kundi la wapanda baiskeli la Jumamosi likaamua kupanga safari ya kuchangisha watu ili couveuse inunuliwe: wanawake waende mpaka Mulungwishi na kurudi, wanaume mpaka Fungurume na kurudi. Martine alipoieleza habari hiyo mezani, mama yake aliweka kijiko chini. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hajawahi kukalia baiskeli hata siku moja.

“Nifundishe ile kinga,” alisema Hortense, akimaanisha baiskeli.

Akamfundisha. Alfajiri, miezi minne, katika majuma yale tu Cyrille anapokuwa kazini Kakanda, kwa kuwa Hortense alikula kiapo kwamba mkwe wake hatamwona amevaa suruali ya kubana. Martine naye aliahidi kutomwambia kitu. Siku ya safari Cyrille alipaswa kuwa kazini, kwa hiyo hapakuwa na hofu. Lakini mapenzi nayo yana ujinga wake: Cyrille alibadilishana zamu na mwenzake, hakumwambia mtu, akaja ili amfurahishe mchumba wake.

Alimkuta kwenye mlima wa mwisho, wakati wa kurudi, jua limesimama utosini. Kundi la wanaume lilikuwa limewafikia wanawake. Alipunguza mwendo kando ya Martine, meno yote nje, kijasho kikimtiririka.

“Chérie! Surprise!”

Kisha akatazama mbele. Hatua hamsini kutoka pale mama mmoja mwenye kofia ngumu na miwani myeusi alikuwa akiyumba kutoka upande huu wa barabara mpaka upande ule. Pikapu ya kuwabeba waliochoka ilikuwa imemkaribia mara mbili, na mara mbili ameifukuza kwa mkono.

“Ule mama mulima inamumaliza,” alisema Cyrille. “Ni nani?”

Martine aliuona mguu wa mama yake ukiteleza kwenye pedali. Alijua akishuka hatapanda tena. Alijua pia jina la huyo mama, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kulitaja.

“Ni mama moya wa paroisse,” alisema. “Musukume, Cyrille. Musukume afike.”

Cyrille alikwenda. Aliuweka mkono wake mgongoni mwa yule mama, chini kidogo ya mabega, kama wapanda baiskeli wanavyosaidiana, na wakapanda pamoja mpaka juu. Pale juu alimwacha akaondoka bila kugeuka nyuma, kwa kuwa ndiyo adabu ya barabarani, anayesukuma hangoji shukrani. Hortense alifika mjini juu ya baiskeli yake mwenyewe.

“Kwa nini?” Cyrille aliuliza sasa, pale langoni, kwa sauti ya chini. “Juma yote najiuliza. Nilikuuliza, ni nani. Na weye ulinidanganya mu macho.”

“Mama alikuwa anashuka.”

“Ungeniambia ukweli.”

“Ningekuambia ukweli, ungefanya nini?”

Cyrille alikizungusha kile kikombe mkononi.

“Ungepita,” alisema Martine. “Ungegeuza kichwa, ungepita, juu weye ni mutu wa heshima. Na mama angebaki kwa ile mulima.”

“Ningetuma mutu mwingine.”

“Nani? Hakukukuwa mutu mwingine. Kulikuwa weye.” Machozi yalianza kumlengalenga, akayafuta kwa mgongo wa kiganja. “Nimekutumia, Cyrille. Najua. Nimekutumia na sikukupa hata nafasi ya kukataa. Unikasirikie.”

“Nimekukasirikia.” Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Martine zaidi. “Nimekukasirikia na nakupenda, byote pamoja, na shijui nitaweka wapi. Lakini sikiliza. Kule ndani usiseme kitu. Nitasema minye sikuuliza. Ni kosa yangu, basi.”

“Hapana.”

“Martine. Kama banajua ni weye, batasema mutoto ameuza heshima ya mama yake. Batakuimbia ile maneno mpaka uzeeke. Minye nitafukuzwa, nitaumia, nitapona ao nitakosa kupona. Weye utabaki na mama yako. Umebaki naye paka weye.”

Kabla hajajibu, sauti ya mzee Édouard ilisikika kutoka uani.

“Mwingizeni huyo kijana.”

Kiti cha Cyrille kiliwekwa kikitazama ukuta, mgongo ukielekea mlango wenye pazia. Mzee Édouard aliketi upande, kofia magotini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, msemaji wa polepole, na hakuwa mtu mbaya. Martine angefurahi kama angekuwa mbaya. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni kabisa, kwa sababu kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwa mdomo wa mama yake: Hortense angenong'ona ndani, Martine angeyatoa maneno nje, na hivyo mkwe asingeisikia sauti ya mama mkwe.

“Umekuya paka weye?” mzee aliuliza.

“Ba kaka yangu walitaka kuya, papa. Nimewakataza. Bao hawakukosa kitu.”

Mzee aliitikia kwa kichwa, na Martine akaona jibu hilo limempendeza. Kisha akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho kama wazee wafanyavyo.

“Kijana, mu hii foto, mukono ni ya nani?”

“Ni yangu, papa.”

“Na mugongo?”

“Ni ya mama mukwe.”

“Ulijua?”

Martine aliona bega la Cyrille likipanda na kushuka.

“Sikuuliza muzuri, papa. Mutu mwenye akili anauliza mara mbili. Ni kosa yangu.”

Mzee aliirudisha simu mfukoni. Alionekana amechoka, kwa kuwa safari ya basi kutoka Lubumbashi haikumwachia nguvu za kugomba.

“Nilitaka unidanganye kidogo, nipate kukukasirikia muzuri,” alisema. “Haukufanya. Basi nitasema bila kasirani. Familia yetu ilimupoteza Danielle. Ndoa yake ilikuwa ya heshima, bantu bote ba Likasi banajua. Hii ya Martine siwezi kuianza na hii foto. Kila mutu atakuya kwa mariage na hii foto mu simu yake. Bintu mulileta, tutabirudisha Jumamosi. Haina ubaya. Utapata bibi mwingine, weye uko mutoto muzuri.”

Cyrille aliinamisha kichwa zaidi, na mikono yake ikashikana katikati ya magoti. Martine aliitazama ile mikono. Aliona maisha yake yote yaliyobaki yakipita bila hiyo mikono, asubuhi za Jumamosi peke yake barabarani, na akajua hawezi.

“Tonton, ni minye.”

“Weye nyamaza. Leo uko mudomo ya mama yako.”

“Na mudomo iko na yake ya kusema.” Sauti ilimtetemeka lakini aliendelea. “Aliuliza. Aliniuliza minye, ule mama ni nani. Nikamujibu ni mama wa paroisse. Nikamwambia, musukume. Yeye hakujua hata mama anapanda kinga. Njo kweli yote.”

Mzee Édouard alimgeukia. Martine alidhani atasimama. Hakusimama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imepungua.

“Weye, mutoto wa Hortense, ulituma mukono ya mwanaume kwa mugongo ya mama yako?”

“Ndiyo, tonton.”

“Hortense anasikia hii maneno?”

Martine aligeuka kulitazama pazia. Juma zima mama yake hakuzungumza habari za ule mlima. Alikuwa amepika, amefua, amesali rozari, na kila Martine alipokaribia jambo hilo alihamia chumba kingine. Sasa Martine aliogopa. Mchumba angeweza kumpoteza kwa neno la mjomba, lakini mama angempoteza kwa neno lake mwenyewe.

Nyuma ya pazia palitoka mnong'ono.

“Mwambie tonton yako, nilijua.”

Martine hakuweza kulitoa neno hilo.

“Sema,” mama yake alinong'ona.

“Anasema…” Martine aligeuka kumtazama mzee. “Anasema alijua.”

“Alijua nini?” mzee aliuliza.

Mnong'ono haukuja. Iliyokuja ni sauti kamili ya Hortense, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa barabara, na Cyrille alishtuka kitini kwa kuisikia.

“Nilijua ni mukono ya mukwe yangu, yaya. Martine, toka pale mu mulango, nitasema minye.” Alimwita kaka yake yaya, kama alivyomwita tangu utotoni.

“Hortense!”

“Alinisemesha. Alisema, ‘Courage, maman, angalia paka gurudumu yako, tunafika.’ Ile sauti niliisikia siku ya présentation, nilikuwa mu jikoni. Nikajua palepale. Ile kinga yangu iko na frein mbili ya kuisimamisha, yaya. Sikukamata hata moja.”

Huko jirani mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

“Kwa nini?” mzee aliuliza, na ilikuwa sauti ya kaka sasa, si ya mkubwa wa ukoo.

“Unakumbuka siku ya Danielle?”

“Naikumbuka.”

“Hauikumbuke. Haukukuwa. Ulifika kesho yake.” Hortense alinyamaza kidogo, na Martine aliona pazia likitikisika, kama mtu amelishika kwa ndani. “Mu corridor ya maternité tulikuwa bantu babili. Minye, na Guy, bwana ya Danielle. Guy alikuwa kule mwisho, ku dirisha, ananigeuzia mugongo, juu ni mukwe muzuri. Docteur akatoka, akatuambia. Nikaanguka, yaya. Nikaanguka ku ciment, minye muzima. Nilimusikia Guy analia kule. Na yeye alinisikia minye nalia huku. Hakukuya. Miaka tano ya buko, alikuwa hajakula mbele yangu bado, angekuya namna gani? Infirmière moya wa kule hospitali njo alinikamata, mutu shijui hata jina yake. Ile siku tuliheshimiana sana.”

Martine alijishika mdomo. Siku ile alikuwa mbioni kutafuta damu hospitali nyingine. Miaka mitatu alikuwa akijua kwamba dada yake alikufa, na hakuwahi kujua mama yake alipokea habari akiwa wapi.

“Tangu ile siku hakuna mutu alinigusa mugongo,” Hortense aliendelea. “Banapita, banasema pole mama, banaenda. Hata weye yaya, kwa matanga ulinipa mukono ya haraka haraka. Hata Martine ananiogopa, anafikiri nitavunjika. Kwa ule mulima nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nasema ndani yangu, Danielle, unisamehe, nashuka. Mukono ikakuya. Nikajua ni ya nani, nikaiacha. Martine alituma, sawa. Lakini anayepokea njo minye. Kama ni kosa ni yangu, na kijana haina ya kurudishiwa kitu.”

Cyrille alikuwa bado anautazama ukuta, na mgongo wake ulikuwa unatikisika. Alikuwa akilia bila sauti, kwa adabu, akiwa ameuma kidole.

Mzee Édouard aliizungusha kofia yake magotini mara moja, mara mbili.

“Minye njo nilimusifu Guy,” alisema polepole. “Kwa matanga, mbele ya bantu bote. Nikasema, muangalie mukwe hii, hata mu kilio hakusogelea mama mukwe yake. Nikasema hivyo.”

“Ulisema,” Hortense alijibu. Hakukuwa na ukali katika sauti yake.

Martine hakuthubutu kumtazama mjomba wake usoni. Alijua sheria za mzee huyu hazikuwa za mchezo. Ndizo zilizomlea yeye, ndizo zilizomzika baba yake vizuri, na hakutaka kumwona akizikanyaga kwa ajili ya machozi ya wanawake wawili.

“Buko hatuitoe na mukono,” mzee alisema mwishowe. “Ba nkambo yetu ba zamani wanaitoa na chakula. Mama mukwe anapika, mukwe anakula mbele yake, kisha banasalimiana. Lakini ni kisha ya kuzaa batoto. Kisha ya miaka mingi. Hapa hata mariage bado.”

“Najua,” alisema Hortense.

“Batanicheka Lubumbashi.”

“Batakucheka.”

Mzee alivaa kofia yake, halafu akaivua tena.

“Kuko chakula gani mu nyumba?”

“Bukari, tonton,” Martine alijibu, na hakuitambua sauti yake. “Na sombe, na ndagala.”

“Nani alipika?”

“Mama.”

“Basi akuye nayo.”

Pazia lilifunguka. Hortense alitoka akiwa amevaa kitenge cheusi cha Jumapili, sahani mkono mmoja, beseni la maji mkono mwingine, na Martine aliona kwa mara ya kwanza jinsi miezi minne ya barabara ilivyomnyoosha mama yake. Aliweka sahani kwenye meza ya uani. Cyrille alikuwa amesimama, uso bado ukutani, hajui la kufanya na mwili wake.

“Geuka, kijana,” mzee alimwambia. “Nimekuruhusu.”

Cyrille aligeuka. Macho yake yalibaki chini, kwenye miguu ya Hortense, kwenye beseni, kwenye mikono iliyolishika. Kisha yakapanda taratibu. Walitazamana, mama mkwe na mkwe, kwa muda wa pumzi moja, wote wawili na machozi usoni, na ni Hortense aliyetangulia kuinua beseni.

“Lete mikono.”

Alimnawisha yeye mwenyewe, mkono mmoja, kisha mwingine, na hakuharakisha. Cyrille aliketi. Alikata tonge la bukari, akalichovya, akala. Alikula kwa shida, akimeza chakula na kilio pamoja, na hakuna aliyemhimiza. Katikati ya tonge la tatu alimtafuta Martine kwa macho. Hasira ilikuwa bado imo mle, haikuwa imeondoka, wala Martine hakutegemea iondoke kwa siku moja. Lakini alimtazama kwa muda mrefu, na safari hii Martine hakuangalia chini.

“Muchumvi haikosekane?” Hortense aliuliza.

“Hapana, mama,” Cyrille alisema. “Ni muzuri sana, mama.”

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake akijua anasema na nani. Hortense alivuta kiti akaketi mkabala naye, mikono juu ya meza, akamtazama akila. Ni pale alipoanza kulia kwa sauti. Alilia hivyo kwa muda, na mzee Édouard, ambaye hakuwa mtu wa mambo hayo, aliinuka akasogea akasimama nyuma ya kiti cha dada yake, akaweka kiganja chake mgongoni mwake, kizito, na hakukiondoa.

Alipotulia, Hortense alijifuta kwa pindo la kitenge.

“Martine.”

“Mama.”

“Guy bado iko na ile numéro yake?”

Tangu matanga yaishe, Guy alikuwa hajakanyaga kwao. Watu walisema amemsahau Danielle.

“Iko nayo.”

“Mupigie. Mwambie Jumapili ya kuya, mama anapika, akuye akule.”

Mzee Édouard aliinamisha kichwa na hakukataa.

“Na kama anauliza ni juu ya nini?” Martine aliuliza.

Hortense aliisogeza sahani karibu zaidi na Cyrille.

“Mwambie nimechoka kulia mbali na yeye.”

Martine aliitoa simu yake, akasogea mpaka langoni, akalitafuta jina la shemeji yake. Iliita mara moja tu, na ikapokelewa.